Suali la Mwisho

Neno usaili ni la zamani katika lugha yetu, lakini sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli hatukulijua kwanza kwa mambo ya kazi. Tulilijua kwa mambo ya kaburi: malaika wawili, na masuali ambayo mtu hayajibu kwa alichokariri bali kwa alivyoishi. Mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 43, niliitwa kwenye usaili wa kwanza wa maisha yangu, wa umeneja wa duka kubwa la vyakula jijini Dar es Salaam; na katika boti ya asubuhi, Unguja ikirudi nyuma na mkondo ukianza kututikisa, fikra ya malaika wale ilinijia nikacheka peke yangu. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu akanipa mfuko. Alidhani moyo umeanza kunichafuka.

Sikuwa na sababu ya kucheka. Duka la Unguja nililokuwa nikifanyia kazi, kwanza keshia kisha msimamizi wa ghala, lilikuwa likiuza zaidi kwa mahoteli, na watalii walipokatika mwaka 2020 kwa maradhi ya korona, wenye duka walitupunguza mmoja mmoja mpaka zamu yangu ikafika. Nilibaki na watoto watatu, cheti cha uhasibu cha mwaka mmoja, na karai la maandazi. Miaka miwili nilikaa mbele ya karai hilo. Siku nilipopigiwa simu kwamba ninaitwa Dar es Salaam, mama yangu hakunipongeza. Aliniuliza: "Hao wanaokuita, mwanangu, wanajua kwamba duka la baba yako lilikufia mikononi mwako?"

Hawakujua. Katika karatasi za maombi nilikuwa nimeandika kwamba niliendesha duka la familia tangu mwaka 2012 hadi 2015. Lilivyokwisha sikuandika.

Duka lenyewe lilikuwa Ng'ambo, upande wa Mlandege, chumba kimoja chenye mlango wa mbao na baraza ya saruji mbele yake. Baba alilifungua mwaka 1986, baada ya biashara kulegezwa na watu kuanza tena kupata sabuni na sukari bila ya kupanga foleni tangu alfajiri. Bidhaa zote zilikuwa nyuma ya mgongo wake. Mshitiri hakugusa kitu. Alitaja, na baba akageuka, akateremsha, akapima kwa mizani ya masahani mawili na mawe ya chuma. Jioni barazani walikaa watu wawili watatu wa mtaani waliokuwa wakitunga mashairi na kuyapeleka redioni. Baba hakutunga, lakini alikuwa msikilizaji asiyesamehe. Mtu akisoma ubeti wake, baba aliendelea kupima mchele kwa mkono wa kulia, na vidole vya kushoto vikihesabu juu ya meza: nane za ukwapi, nane za utao. Mshororo ukipungua alisema, bila ya kuinua macho, "Umenipunja moja." Ni maneno yaleyale anayoyasema mshitiri aliyepimiwa sukari pungufu. Mpaka leo sijui kama alifanya mzaha kwa kuwa neno mizani ni moja, au kama kwake yeye yalikuwa kweli mambo mamoja.

Na chini ya droo ya fedha lilikaa daftari. Lilikuwa buku la jalada gumu, kila nyumba na ukurasa wake, na kila aliyekopa alitia saini yake au, asiyejua kuandika, dole gumba. Baba akieleza kwamba saini haikuwa kwa sababu ya kutomwamini jirani. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa hajiamini, asije akamzidishia mtu deni kwa usahaulifu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wahenga. Hawakutuambia mali yenye daftari hupotea namna gani.

Basi nilifika. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka lenyewe, na kiyoyozi kilikuwa kikali kama tuko ndani ya jokofu la samaki. Wasaili walikuwa watatu: mama wa utumishi, aliyevaa miwani na kuandika kila kitu, kijana wa fedha, mwenye kompyuta mbele yake, na mtu mzima mmoja, msimamizi wa matawi yote, aliyekaa kando na kwa muda mrefu hakusema neno. Nilimwamkia shikamoo. Aliitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba hata ofisini watu huamkiana.

Walianza kwa Kiingereza, wakanitaka nijieleze. Nadhani hapo ndipo watu wengi wa kwetu huanguka. Tumelelewa kwamba mtu hujisifu akikosa wa kumsifu. Sifa ni kazi ya jirani, na mwenyewe hukanusha kidogo, kisha hunyamaza. Sasa unaketishwa mbele ya watu usiowajua uambiwe utaje ubora wako, mmoja baada ya mwingine, na anayeona haya huhesabiwa hana. Nilijieleza vibaya. Nilisema mimi ni mwaminifu, neno ambalo hata mwizi hulisema, na nikaona mama wa utumishi haandiki. Kijana akaniuliza nafanya nini nje ya kazi. Nikajibu nasoma mashairi. Akatabasamu kwa adabu, akauliza mashairi yanamsaidiaje meneja wa duka. "Yananisaidia kuhesabu," nikamwambia, na kwa kuwa hakunielewa tuliendelea mbele.

Yule mtu mzima ndiye aliyeniokoa, ingawa sidhani alikusudia. Alisimama akasema kwa Kiswahili, "Tushuke chini, dada. Zunguka duka dakika kumi, kisha uniambie ulichokiona."

Huko chini nilikuwa mtu mwingine. Nilikwenda kwanza kwenye maziwa. Mkate na maziwa katika maduka hayo huwekwa mwisho kabisa, ili aliyefuata kitu kimoja apite mbele ya vitu mia kabla ya kukifikia. Na karibu na mashine za kulipia, kimo cha macho ya mtoto, hupangwa pipi na chokoleti, ili mama aliyesimama foleni aanze kuvutwa khanga. Baba angeuita huo uchokozi. Lakini sikuja kuhukumu mpango. Nilikuja kuona ulivyotekelezwa. Pakiti za maziwa zilizokuwa mbele zilikuwa na tarehe ya mbali, na nyuma yake, zimesukumwa mpaka ukutani, zilikuwamo zilizobakisha siku mbili. Kijana wa rafu alikuwa ameona uvivu kuzitoa za zamani kabla ya kupanga mpya. Kanuni ya duka lolote, dogo na kubwa, ni kwamba kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka; ikivunjwa, hasara hulala kimya mpaka siku ya kumwaga.

Kwenye jokofu la samaki nilikuta barafu nene imeota juu ya mifuko. Mtoto wa pwani haambiwi maana yake: samaki wale waliyeyuka wakagandishwa tena, ama kwa umeme kukatika au kwa mlango usiofunga. Sabuni moja ilikuwa na bei mbili, moja rafuni na nyingine kwenye mashine, na hiyo nimeishi nayo sana, kwa sababu anayetukanwa kwa kosa hilo ni keshia, ambaye hakuandika hata moja kati ya bei hizo. Bibi mmoja mfupi alikuwa amesimama mbele ya mafuta ya kupikia akiyatazama kama mtu anayetazama mnazi asioweza kuupanda. Nikamteremshia chupa. Hilo sikulitaja baadaye.

Kisha nikaomba kuuona mlango wa nyuma. Gari lilikuwa likishusha unga. Mpokeaji alikuwa na karatasi ya kupokelea mzigo, na nilimwona kwa macho yangu akitia saini kabla ya kuhesabu. Nje ya mlango, kwenye benchi, walikaa watu watatu wenye bahasha mikononi. Hawakuwa na mzigo wowote. Nilidhani ni vibarua wanaosubiri kuitwa.

"Katika yote hayo, kubwa lipi?" aliniuliza yule mtu mzima nilipomaliza. Nikasema mlango wa nyuma. Mwizi wa mbele huiba kopo moja. Saini ya nyuma huiba magunia. Alicheka, mara ya kwanza siku ile.

Tuliporudi juu, Kiswahili kilirudi nasi. Kijana wa fedha akauliza kuhusu mali inayopotea, akitumia neno lao la Kiingereza ambalo asili yake ni kunywea, kama nguo inavyonywea ikifuliwa kwa maji ya moto. Neno lile sikulijua, lakini kitu chenyewe nilikijua. Nikamwambia kwamba gunia la sukari la kilo 50, ukiliuza kwa kilo moja moja, nusu na robo, halikupi kilo 50. Mimi nilipata kilo 49 na robo. Nyingine huenda kwenye nyongeza unayomtilia mshitiri, kwenye punje zinazoanguka na kwenye mashonea ya gunia. Anayesema amepata 50 kamili amewapunja watu, na hilo nalo ni hasara, ila huchelewa kuonekana. Akapiga hesabu kwenye kompyuta yake, akasema, "Asilimia moja na nusu." Nikasema naam.

Mama wa utumishi akanipa lake. Keshia mwenye mtoto mchanga amekamatwa na kopo la maziwa ya mtoto ambalo hakulilipia; nitafanya nini? Suali hili, nilikuja kujua, huulizwa kila mahali, na jawabu linalotakiwa ni kufuata utaratibu. Nilijibu kwamba siku hiyohiyo nitamtoa kwenye mashine ya fedha, nitaandika kilichotokea, na atasikilizwa mbele ya shahidi kabla ya uamuzi wowote. Kisha nikaongeza kwamba nitataka pia kujua mshahara wake wa mwezi uliopita ulilipwa tarehe ngapi. Aliandika kwa muda mrefu.

"Na duka la familia," akasema kijana, "lilikwishaje?"

Nilikuwa nimetayarisha jawabu la suali hilo ndani ya boti. Ningesema ushindani umeongezeka. Badala yake niliwaambia habari za giza. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme, kwa hitilafu ya njia ya waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Wenye mahoteli waliwasha majenereta. Ng'ambo, mshona nguo wa cherehani ya umeme hakuwa na kazi, kinyozi hakuwa na kazi, muuza barafu hakuwa na cha kuuza, mvuvi hakuwa na barafu, na maji ya bomba yalikuwa ya kununua kwa sababu pampu hazikuvuta. Watu hao wote walikuwa na kurasa katika daftari la baba. Walikuja na mabakuli, na baba akapima. Umeme uliporudi, daftari lilikuwa limejaa na la pili limeanzwa, na tajiri wa jumla wa Darajani, ambaye naye alikuwa na shida zake, akataka taslimu.

Baba alifariki mwaka 2012. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga, na tulipokuwa matangani nilidhani nitaona mfano wake. Niliyoyaona ni mengine. Wapo waliokuja na fedha zimekunjwa ndani ya leso, wakamkabidhi mama bila ya kutaja kiasi. Na wapo, majirani wa miaka mingi, ambao hawakuja kabisa. Deni liliwazuia kuja kumzika. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko fedha zenyewe, na ndilo, nikiwaambia kweli wale wasaili, lililoniharibu kama mfanyabiashara: miaka mitatu niliyoliendesha duka lile sikuthubutu kumdai mtu, nisije nikampoteza jirani mwingine. Nikaendelea kukopesha mpaka rafu zikabaki mbao tupu. Kitu cha mwisho nilichouza ni mizani.

Chumba kilinyamaza. Kijana akafunga kompyuta yake nusu, akasema kwa upole, na naamini alitaka kunifariji, "Hapa lakini tunauza taslimu tu. Tatizo hilo halitakuwepo."

Na kwa kuwa ndiyo desturi ya sailiwa zote, mama wa utumishi akanigeukia: "Una suali lolote la kutuuliza?"

Nilishauriwa na wajuzi kwamba hapo mtu huuliza kuhusu mafunzo, au nafasi ya kupanda cheo. Lakini benchi la mlango wa nyuma lilikuwa limenikaa kichwani, na nilikuwa nimeshawavua wale watatu uvibarua: kibarua haji na bahasha. Nikauliza, "Wanaowaletea mali mnawalipa baada ya siku ngapi?"

Sikuuliza kwa ujuvi. Kila mtu aliyeshika kazi hii Afrika ya Mashariki ameona. Uchumi ya Kenya ilifunga matawi yake yote ya Tanzania na Uganda mwezi wa Oktoba 2015. Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, ilizidiwa na madeni mpaka Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Hawakufa kwa kukopesha washitiri. Walikuwa wao ndio wakopaji. Duka kubwa huuza maziwa kwa siku mbili na kumlipa mwenye ng'ombe baada ya siku 30, 60 au zaidi. Siku zilizo katikati, fedha ya mwenye ng'ombe hulala katika mkono wa duka, na mkono huo hushawishika kufungua tawi jipya. Mauzo yakipungua, deni la zamani hulipwa kwa fedha ya mzigo mpya. Siku moja mwenye mali anakataa kuleta, rafu inaonyesha mbao, mshitiri anapita akaona, haji tena. Mbao hizo mimi nilizijua. Baba alikopesha mtaa akafa. Hawa walikopa kwa mtaa mzima wakafa. Na katika hali zote mbili aliyebaki na hasara alikuwa mwenye bakuli.

"Siku 60," kijana alijibu, "kwa mujibu wa mkataba."

"Mkataba," akasema yule mtu mzima, akitazama dirishani. Hakuongeza neno.

Nilirudi Unguja kwa boti ya jioni nikiwa na hakika kwamba nimejikosesha. Mama akaniuliza nimewaambia. Nikasema nimewaambia. Akaniwekea chai.

Siku ya tisa walinipigia. Kazi nimepata, mshahara ni pungufu ya uliotangazwa, nianze mwezi unaofuata. Sikuambiwa kilichowapendeza, nami sikuuliza. Watoto walikuwa na ada. Nilikwenda, nikapanga chumba Temeke, na kwa miezi miwili nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia tena. Maziwa yalipangwa kwa tarehe zake. Jokofu lilipata mpira mpya wa mlango. Mpokeaji wa mlango wa nyuma nilisimama naye asubuhi kumi na mbili mfululizo, tukihesabu pamoja kwa sauti, mpaka akawa hawezi tena kutia saini bila ya kuhesabu hata nikiwa sipo.

Benchi sikuliweza. Malipo yalitoka makao makuu, na kutoka huko yalikuja maneno tu: waambie wiki ijayo. Mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja mfugaji wa Kibaha, aliyekuwa akituletea trei 40 za mayai kila wiki, na siku hiyo hakuleta hata trei moja. Nikamwamkia, nikamkaribisha ofisini, nikamwambia niliyoagizwa kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama," akasema, "kuku hawajui siku sitini. Kuku hula kila asubuhi."

Kisha akatoa mfukoni daftari la skuli, limekunjwa katikati, akalifungua juu ya meza yangu. Tarehe zilikuwa zimepangwa moja chini ya nyingine kwa kalamu ya risasi, wiki 11, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika polepole. Akanyoosha kidole chini kabisa.

"Niandikie hapa. Jina lako, si la kampuni. Kampuni sijui inakaa wapi."

Nilizihesabu kwanza, mstari kwa mstari. Zilikuwa trei 440. Nikatia saini.